Mchezo Sio Uongo: Peter Pan, dawa chungu na mtoto anayeogopa sindano

 

Wiki hii nimeulizwa swali lile lile na akina mama watatu ambao wala hawajuani. Mtoto akiona geti la hospitali anaanza kupiga kelele. Akiona gauni jeupe ndo kabisa, anajirusha chini. Sasa nimwambieje ili akubali sindano?

Nilitaka kujibu kwa mistari miwili nikaona hapana, hili tukae chini. Jibu langu linapitia mbali kidogo, kwenye mchezo wa kuigiza wa watoto. Nivumilieni, kwenye sindano nitafika.

Mchezo wenyewe ni Peter Pan. Wengi mnaujua kama katuni ya Disney ya mwaka 1953, yule kijana wa nguo za kijani anayeruka angani na hataki kukua. Lakini miaka mingi kabla ya katuni ulikuwa mchezo wa jukwaani. Aliuandika Mskoti mmoja, J.M. Barrie, na ulionyeshwa mara ya kwanza London tarehe 27 Desemba 1904. Wanaousifia husema ni mchezo kuhusu nguvu ya mtoto ya kuvuta picha kichwani, kuamua kwamba kiti ni basi na kanga ni mabawa. Ni kweli. Ila mimi nikiusoma kwa macho ya nesi naona kitu kingine: umejaa dawa! Kuna mtoto anayegoma kunywa dawa, kuna daktari wa kujifanya, kuna kikombe cha dawa kilichotiwa sumu. Na kuna somo moja ambalo natamani kila mzazi alibebe kabla hajafika kwetu.

*Baba aliyemwaga dawa*

Mchezo unaanzia chumbani kwa watoto watatu, Wendy, John na Michael. Yaya wao ni mbwa anaitwa Nana, na kazi anaifanya vizuri tu.

Usiku ule Michael, mdogo wa mwisho, anatakiwa kunywa dawa, hataki. Baba yao anaingilia kati na kujigamba: yeye alipokuwa na umri huo alikunywa dawa bila kulalamika, na hata leo angekunywa ya kwake kumwonyesha mtoto mfano, tatizo tu chupa imepotea. Wendy, mtoto mwenye moyo mzuri, anakimbia kuitafuta na kumletea. Kumbe baba mwenyewe ndo alikuwa ameificha!

Basi wanakubaliana wanywe pamoja. Inahesabiwa moja, mbili, tatu. Michael anameza. Baba anaficha kikombe mgongoni.

Watoto wanamwona. Yeye, badala ya kuona aibu, anaimwaga ile dawa kwenye bakuli la Nana, na Nana anailamba akidhani ni maziwa. Watoto wanamhurumia mbwa wao, baba anakasirika kwamba hapewi heshima yake, anamtoa Nana nje na kumfunga uani. Ni usiku huo huo, mlinzi akiwa amefungwa nje, Peter Pan anaingia dirishani na watoto wanaondoka naye.

Barrie angeweza kuweka sababu yoyote ya watoto kupotea nyumbani. Alichagua baba aliyemdanganya mtoto kuhusu dawa. Baadaye baba huyo anajuta hadi anahamia kwenye banda la mbwa, na jukwaani watu wanacheka, lakini mimi sicheki sana, kwa sababu kikombe kile cha mgongoni wodini tunakiona kila siku.

Tunakiona mtoto akiambiwa "twende kwa bibi" halafu anajikuta kwenye benchi letu. Tunakiona akiambiwa "hauchomwi, unapimwa uzito tu" wakati mama ameshika karatasi ya sindano tano. Tunakiona akiambiwa "hii juisi, kunywa", anaonja, anakuta ni chungu kama shubiri.

Mama zangu, siwalaumu. Najua unavyofanya vile: foleni ndefu, umechoka, mtoto anawaka homa, unataka tu dawa iingie. Na kweli siku hiyo inaingia. Deni linakuja kesho. Kesho ukimwambia ukweli, kwamba leo nesi anasikiliza kifua tu, hakuna sindano, hakuamini. Kila kitu mkononi mwetu anakiona mtego. Tunamshika watu watatu kwa kitu ambacho hakiumi hata kidogo.

Na kuna ule mwingine, wa nyumbani: "Ukilia namwita nesi akuchome sindano!" Jamani. Mnatuharibia kazi. Mtoto aliyelelewa na maneno hayo akija kwangu ananiona mimi ndo adhabu. Siku akizidiwa usiku, yule unayemkimbizia ndiye uliyemfundisha kumwogopa.

*Daktari wa kofia*

Sasa twende upande wa pili wa mchezo huo huo.

Watoto wamefika kisiwa cha Neverland. Wavulana wanaoishi kule wanadanganywa, wanamlenga Wendy kwa mshale akiwa angani, anaanguka chini kama amekufa. Kumbe mshale ulipiga kifungo alichovaa shingoni, kwa hiyo yu hai, ila amelala hajiwezi. Wale wavulana wameshikwa na hofu, hawajui la kufanya.

Peter anamwagiza mmoja wao, Slightly, akamlete daktari. Kisiwani hakuna daktari. Slightly anajua, na wote wanajua. Basi anaondoka, anarudi amevaa kofia ya John na uso wa heshima, naye ndo daktari tayari. Anasalimiwa kama daktari. Anaweka kipimajoto kisichokuwepo mdomoni mwa Wendy, wote wanasubiri kimya, anakichomoa, anatangaza mgonjwa amepona, anaagiza apewe supu, anaondoka na kofia yake.

Angalieni vitu viwili hapo. Kilichozuia mshale ni kifungo, kitu halisi kabisa. Kipimajoto cha hewani hakikuponya kidonda chochote, kilichofanya ni kuwatuliza watoto waliokuwa wanatetemeka na kuwapa kazi ya kufanya. Hivyo ndivyo ninavyoiona nguvu ya kuigiza hospitalini. Haichukui nafasi ya dawa. Malaria inatibiwa kwa dawa ya malaria, nimonia inatibiwa kwa dawa yake, na mtoto aliyeishiwa maji anaongezewa maji. Lakini mtoto aliyepewa sehemu kwenye mchezo, dawa hiyo inamfikia akiwa ametulia.

Nimeona kijana wa miaka kama mitano, mkono wake lazima uwekwe kanula. Tukampa bomba jipya lisilo na sindano, lenye maji kidogo, tukamwambia yeye ndo daktari, mama yake ndo mgonjwa. Mama akaielewa haraka, akanyoosha mkono na kulalamika, "Dokta, naogopa." Mtoto akamtuliza kabisa: "Pole mama, inauma kidogo, usitikise mkono." Akasukuma bomba lake, akasema ameshamaliza. Ikafika zamu yake. Alilia? Alilia, tena kwa sauti. Lakini mkono haukuondoka, na hatukuhitaji mtu wa kumkandamiza.

Hapo hakuna aliyedanganywa. Neno "inauma kidogo" lilitoka mdomoni mwake mwenyewe.

*"Uongo njoo"*

Kuna wazazi wananiambia, sasa si ni kitu kile kile? Kumwambia yeye ni daktari na kumwambia dawa ni juisi, vyote si uongo?

Hapana. Na mtoto mdogo kabisa anaijua tofauti. Muangalie wa miaka mitatu au minne akipika ugali wa mchanga kwenye kifuniko cha chupa. Anakukaribisha, "Mama, kula." Wewe ukijifanya unakula na kusema tamu, anafurahi mpaka basi. Sasa jaribu kuutia mdomoni kweli uone. Anashtuka, "Mama, huo mchanga!" Muda wote alijua. Hata wale wavulana wa Neverland wanajua, wanakula chakula cha kujifanya na tumbo linabaki tupu. Asiyetofautisha kule kisiwani ni Peter peke yake.

Bibi zetu walilielewa hili bila kusoma popote. Mnakumbuka hadithi za jioni zilivyoanza? "Hadithi, hadithi!" Na sisi tunajibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hebu irudie taratibu. Uongo njoo! Uongo unaitwa kwa jina lake, mlangoni, mbele ya watoto wote, na watoto wenyewe ndo wanaoukaribisha. Baada ya hapo Sungura anaweza kuongea na Fisi anaweza kuvaa kofia, hakuna aliyetapeliwa.

Ile juisi ya hospitali nani aliiitia "uongo njoo"? Hakuna. Mmoja anajua, mwingine hajui. Huo sio mchezo tena, ni kikombe cha mgongoni.

*Makofi*

Sehemu maarufu kuliko zote inahusu kale kadada kadogo kenye mabawa, Tinker Bell, ambako jukwaani ni mwanga tu unaotembea. Adui amemtilia Peter sumu kwenye kikombe cha dawa. Tinker Bell anainywa yeye ili Peter asiinywe. Mwanga unafifia, anakaribia kufa. Peter anawageukia watoto waliokaa ukumbini na kuwaomba wapige makofi kama wanaamini. Wakipiga, mwanga unarudi.

Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza Barrie aliogopa watu wazima ukumbini wangekaa kimya, akapanga na wapiga muziki waweke vyombo chini na kupiga makofi wao kwanza. Hawakuhitajika kuanzisha, ukumbi uliitikia.

Mimi hapo huwa nawafikiria nyie akina mama. Mchezo wa mtoto unaishi kwa kuitikiwa, kama vile hadithi isiyoitikiwa inavyokufa. Mtoto amelala kitandani na dripu mkononi, anakuambia dripu hiyo ni mafuta ya gari lake. Ukimjibu "acha upuuzi, lala", umeuzima mwanga. Ukimuuliza, "Haya dereva, tunaenda wapi na tenki limejaa?", umempa safari ya dakika ishirini nje ya wodi. Haina gharama.

*Mchezo una mipaka*

Barrie mwenyewe aliandika baadaye kwamba baada ya maonyesho ya kwanza, wazazi walimlalamikia. Watoto walirudi nyumbani, wakapanda kitandani na kujirusha ili waruke kama Peter, wakaumia hadi kuhitaji daktari. Ikabidi aongeze kwenye mchezo kwamba hakuna anayeweza kuruka mpaka kwanza apulizwe ule unga wa ajabu.

Napenda sana alivyotatua. Hakuwaambia watoto waache kuwaza. Aliweka sharti la usalama ndani ya mchezo wenyewe, kwa lugha ya mchezo. Nyie pia mnaweza. Shujaa anaruka kutoka kwenye mkeka, sio kwenye kabati. Daktari wa nyumbani anatibu kwa kijiti na kifuniko, sio kwa vidonge vya kweli wala bomba lililookotwa jalalani.

Na hapa nakazia. Dawa isiitwe pipi wala juisi, hata kwa utani. Ukimfundisha hivyo, siku akiikuta chupa dirishani atainywa yote, maana ulimwambia ni juisi. Mwambie, "Hii ni dawa, ni chungu. Tufanye wewe ndo simba unakunywa maji mtoni, mara tatu tu umemaliza." Simba ni wa kujifanya, dawa inabaki kuwa dawa.

*Mtoto anapochoma mdoli*

Barrie alikuwa na kaka yake, David. Mwaka 1867 David alianguka kwenye barafu akafariki, akiwa karibu kutimiza miaka 14. Mama yao alilala kitandani kwa huzuni. James, mdogo mtu wa miaka sita, alivaa nguo za kaka yake na kupiga mluzi kama yeye, ili mama apate faraja. Aliandika hayo mwenyewe alipokuwa mtu mzima.

Nawaambia hili kwa sababu watoto hubeba mizigo mizito kwa kuigiza. Ukitoka hospitali na mtoto wako, ukamkuta anamchoma mdoli sindano kumi, au anamfunga mdogo wake bandeji na kumfokea "tulia!", usimkemee. Anakupa taarifa ya yaliyompata. Kaa karibu, uliza, "Mgonjwa anaumwa nini? Anaogopa? Tumwambieje?" Utasikia mambo ambayo ukimuuliza moja kwa moja hasemi. Ukiona wiki zinapita na bado halali vizuri, amerudi kukojoa kitandani au anakataa kula, mlete tuongee.

*Zawadi ya mwaka 1929*

Nimalizie habari ya mchezo huu, maana kwangu ndo inayonigusa zaidi. London kuna hospitali ya watoto inaitwa Great Ormond Street, ilifunguliwa mwaka 1852 ikiwa na vitanda 10. Mwaka 1929 Barrie aliombwa kuingia kwenye kamati ya kuchangisha fedha za hospitali hiyo. Alikataa, akasema labda atasaidia kwa njia nyingine. Haukupita muda akaipa hospitali haki zote za Peter Pan. Hakuwa na mtoto wake wa kumzaa.

Tangu hapo mchezo ukionyeshwa, hospitali hupata chochote. Ni kiasi gani? Hospitali haisemi, maana yeye mwenyewe aliomba iwe siri. Mwaka 1988 muda wa haki hizo ulikuwa umeisha nchini Uingereza, na aliyewahi kuwa waziri mkuu, James Callaghan, akapendekeza bungeni sheria ili hospitali iendelee kulipwa kule bila kikomo. Yaani mambo ya kufikirika ya mtu mmoja yamekuwa tiba ya kweli kwa watoto wagonjwa. Kifungo na kipimajoto cha hewani vimekutana.

*Haya, sindano sasa*

Nilisema nitafika.

Kwa wale wa wiki ya 6, 10 na 14, hawa bado hawana "tufanye". Mchezo wao ni mwili wako. Mpakate, mnyonyeshe kabla na wakati wa sindano. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2015 kwa ajili ya kupunguza maumivu ya chanjo. Mwambie nesi unataka kumnyonyesha, ni haki yako.

Kwa wa miezi 9 na 18, mshike akiwa amekaa kwenye mapaja yako, sio amelazwa na kukandamizwa. Mwimbie, mwonyeshe kitu anachokipenda. Maneno machache, sauti ya chini.

Kuanzia miaka mitatu hivi, mwambie ukweli kabla hamjatoka nyumbani, asubuhi ile ile inatosha: "Leo tunaenda hospitali. Utachomwa sindano moja. Itauma kidogo kama kung'atwa na siafu, halafu inaisha. Nitakushika." Usiseme haiumi. Kisha chezeni. Yeye awe nesi, wewe mgonjwa, ulie kidogo umpe nafasi ya kukubembeleza. Mpe uchaguzi wa kweli: mkono huu au ule kama nesi ameruhusu, kuangalia au kufumba macho, kupuliza mishumaa ya kujifanya sindano inapoingia. Mishumaa ile inamfanya apumue nje na alegee.

Akilia, aachwe alie. Usimwambie wanaume hawalii, wala usimwambie anakuaibisha. Mwambie, "Imeuma, pole baba, umetulia mkono vizuri." Halafu kama ulimwahidi muwa wa pale getini, nunua huo muwa. Ahadi ya hospitali lazima itimizwe siku hiyo hiyo.

Jumapili ijayo tutaongea kuhusu yule anayetema dawa ya maji: umpe tena kiasi gani, na wakati gani usimrudishie kabisa. Niandikieni chini umri wa mtoto na michezo anayoipenda, nikijibu nianzie hapo. Wiki njema.